Anzeni na majani makavu, ndoo zitafuata

Wiki hii mmetuuliza: mtaa unaotaka kukusanya mabaki ya chakula na kuyafanya mboji uanze na nini? Najua wengi watataja ndoo, au mikutano ya kuhamasisha watu. Mimi nasema uanze na majani makavu.

Niliwahi kushiriki mradi uliokufa kwa kukosa hayo. Ndoo tulikuwa nazo, watu walijitolea kwa moyo mkunjufu, na mabaki yalimiminika tangu wiki ya kwanza. Kitu kikavu cha kuchanganya nayo hatukuwa nacho. Mabaki ya chakula ni maji kwa sehemu kubwa, tena yamejaa naitrojeni. Ukiyarundika peke yake yanashikamana, hewa haipiti, na bakteria wasiohitaji hewa wanatamalaki. Ukaja uvundo, wakaja funza, na majirani wakakasirika kwa haki kabisa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba baada ya hapo hawakutaka hata kulisikia neno mboji.

Rundo zuri lina kaboni, ambayo imejaa kwenye vitu vikavu, sehemu 25 hadi 30 kwa sehemu moja ya naitrojeni. Kwa kipimo cha mkono, kila ndoo ya mabaki inahitaji ndoo mbili au tatu za majani makavu, maranda au maboksi yaliyochanwachanwa. Sasa pigeni hesabu. Tuseme kaya 40 zinaleta kilo 3 kila moja kwa wiki. Hizo ni kilo 120, kama ndoo 12 za lita 20. Ongezeni ndoo 36 za vitu vikavu, na mmejaza karibu mita moja ya ujazo kwa wiki moja tu! Ukubwa huo unafaa, kwa sababu rundo dogo zaidi halitunzi joto. Lakini wiki ijayo mtahitaji nafasi nyingine kama hiyo, na ndoo 36 nyingine. Rundo hunywea hadi nusu, ila mboji huchukua miezi kukomaa. Mradi usiofanya hesabu hii mapema utalemewa kabla haujavuna chochote.

Joto nalo lipimwe, lisikisiwe. Nyuzi 55 za Selsiasi zikidumu, vimelea na mbegu nyingi za magugu hufa. Kanuni za kilimo-hai za Marekani, kwa marundo marefu yanayopinduliwa, zinataka siku 15 katika joto hilo na kupindua mara 5, ili ya nje nayo yaingie ndani. Unyevu ni rahisi kuujua: kamua konzi moja ya mchanganyiko. Ikitoa tone moja au mawili, inatosha. Nyama na mifupa zisubiri hadi mmezoea kazi.

Korea Kusini ilipiga marufuku kufukia mabaki ya chakula kwenye madampo mwaka 2005, na Ufaransa imetaka yatengwe tangu Januari 2024. Sababu ni nzito, maana yakifukiwa bila hewa hutoa methani, gesi inayoongeza joto duniani. Lakini nchi ina sheria ya kuwabana watu. Mtaa unategemea uaminifu. Ndiyo maana siafiki mapipa yaliyoachwa wazi usiku na mchana. Afadhali saa chache za kupokea, na mtu amesimama pale, anafungua kila ndoo na kumwonyesha mwenzake kijiko au mfuko wa plastiki uliojificha ndani. Plastiki ikishakatikakatika kwenye rundo, huitoi tena, na hakuna mkulima atakayeitaka mboji hiyo.

Mradi nilio nao sasa ulikusanya majani makavu miezi miwili kabla ya kupokea ganda la kwanza. Tulianza na kaya 12. Nyingine zinasubiri, na tunazipokea chache chache, kila tunapomaliza kujaza kibanda kingine cha majani.