Usianze na Msamaha: Kwa Mwezeshaji Mpya wa Sosiotherapia

Sosiotherapia ni mikutano ya kikundi ambamo watu wa kijiji kimoja, walioumizwa na walioumiza, huponyana, na kosa la kwanza la mwezeshaji mgeni ni haraka. Siku ya kwanza tu, manusura amekaa huku, aliyetoka gerezani kule, majina hayajazoeleka, naye keshaanza kuhubiri msamaha. Watu wataitikia kwa adabu, wataimba ukiwaambia waimbe, na wiki ya pili utabaki na nusu yao. Chuki imezungukwa na hofu. Usipoigusa hofu kwanza, maneno yako yote yataishia mlangoni.

Sosiotherapia ya namna hii ilianza Byumba, kaskazini mwa Rwanda, mwaka 2005, chini ya dayosisi ya Kianglikana, na baadaye ikajulikana kwa jina la Mvura Nkuvure, yaani niponye nikuponye. Miaka hiyo mahakama za Gacaca, yaani mahakama za wanakijiji wenyewe, zilikuwa zikisikiliza mashauri ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, na wafungwa walikuwa wakirudi vijijini. Gacaca zilifungwa Juni 2012 zikiwa zimemaliza mashauri yanayokaribia milioni mbili. Hukumu ilisema nani alifanya nini. Namna ya kupanga foleni ya maji na yule yule kesho asubuhi, hilo halikuwa kazi ya mahakama. Leo njia hii inatumika hata ng'ambo ya mpaka, mashariki ya Kongo.

Muundo wake ni mwepesi: watu 10 hadi 15, wawezeshaji wawili, mkutano mmoja kwa wiki wa saa tatu hivi, kwa wiki 15. Hatua ni sita na hufuatana: usalama, kuaminiana, kujaliana, kuheshimiana, mwelekeo mpya wa maisha, na mwisho kumbukumbu. Ukiona kikundi kinataka kurukia kumbukumbu wiki ya tatu, kirudishe nyuma taratibu. Mlango wa kumbukumbu ukifunguliwa mapema hakuna wa kuufunga.

Kabla ya kuanza, shika kalenda. Kikundi kinachoanza katikati ya Januari kitaingia hatua ya kumbukumbu wiki ile ile ya Aprili 7, siku maombolezo ya kitaifa yanapoanza, na hapo ndipo ihahamuka, yaani mtu kuzidiwa na yaliyompata kana kwamba yanatokea upya, huonekana kwa wingi. Heri kuanza katikati ya Julai, siku mia za maombolezo zikiwa zimekwisha. Usichague siku ya soko. Jumamosi nayo iache, maana ya mwisho wa kila mwezi ni umuganda, yaani kazi ya pamoja ya jamii, na nyingine zina harusi.

Kisha mtembelee kila mshiriki nyumbani, peke yake. Kama mwathirika na aliyemdhuru wanaweza kuangukia kikundi kimoja, muulize kila mmoja kwa wakati wake, tena muulize aliyeumizwa kwanza. Akisita, mweke kwingine bila maswali mengi.

Siku ya kwanza kaeni duara, bila meza katikati. Viti vikiwa sita na watu 14, wote washuke mkekani, nawe pia; anayekaa juu ataonekana hakimu hata akinyamaza. Usifungue daftari. Kanuni zitoke kwao, na swali linalozileta vizuri ni hili: "Nini kikitokea hapa, wiki ijayo hutakuja?" Watasema: maneno yangu kufika kijiweni, kuchekwa, kulazimishwa kusema. Kila jibu linageuzwa kuwa kanuni kwa maneno yao wenyewe. Neno "siri" lifafanuliwe hadi mwisho, kwa sababu wengi hulielewa nusu: ulichosema wewe unaweza kumsimulia mwenzi wako, alichosema mwenzako hakitoki. Usalama usipewe chini ya mikutano miwili.

Kwenye kuaminiana kuna mchezo maarufu wa kuongozwa mkono ukiwa umefumba macho. Ni mzuri, ila kitambaa usimfunge mtu. Aliyewahi kufungwa macho na waliotaka kumuua hakuambii. Utamwona tu akitetemeka. Afumbe mwenyewe, na afumbue akitaka. Kujaliana na kuheshimiana huenda vyenyewe kama hatua mbili za kwanza zimeshika: mtu akiugua, wenzake watakwenda kumpalilia shamba kabla hujawaambia.

Kazi ya akili yenyewe iko kwenye hatua ya tano, na hapa ndipo wageni hukosea zaidi, kwa kubishana. Mama akisema "wale watu hawabadiliki", usimletee mifano ya waliobadilika. Muulize: "Mama, unaposema 'wale', anayekujia kichwani ni nani?" Mara nyingi ni watu wawili au watatu. Akishawaona hao kwa sura zao, umati mzima uliokuwa nyuma ya neno "wale" unapungua, na yeye ndiye aliyeupunguza. Huenda hao watatu ataendelea kuwachukia. Mwache.

Pacha wa chuki ni kauli ya "ndivyo nilivyoandikiwa". Usiingie kwenye mjadala wa Mungu na kudra. Utashindwa, na si kazi yako. Chukua kokoto 12. Mwombe mshiriki ataje mizigo yake, kila mmoja kokoto moja, kisha aigawe mafungu matatu: yasiyo mikononi mwangu kabisa, yanayohitaji mtu wa pili, ninayoweza kuanza mwenyewe kabla ya Jumapili. Fungu la kwanza huwa kubwa, na ni haki liwe kubwa, waliokufa hawarudi. Usiguse fungu hilo wala usilifanyie mzaha. Uliza tu kuhusu kokoto moja ya fungu la tatu, na wiki ijayo uulize imefikia wapi. Ikiwa haikusogea, pengine ilikuwa ya fungu la pili, basi ihamisheni. Anayerudi akisema "nimemwamkia" amefanya kazi kubwa, na si lazima mpige makofi.

Kwenye kumbukumbu, mtu akizidiwa, mwezeshaji mmoja atoke naye, mwingine abaki na duara. Msimkandamize chini, msimzunguke. Akae, nyayo zigandamane na ardhi, atajiwe jina lake, mahali na siku ya leo, ataje vitu vitano anavyoviona. Maji apewe akishaweza kushika kikombe mwenyewe. Asiporudi katika hali yake, apelekwe kituo cha afya, na namba ya kituo iwe kwenye simu yenu kabla ya wiki ya kwanza.

Jambo la fedha lisemwe mapema. Nauli ikitolewa wiki ya kwanza kisha ikakosekana ya nne, utaambiwa umekula hela za watu. Bora chai na mandazi kila wiki, basi.

Mkutano ukiisha, nyinyi wawili bakini dakika 20: kipi kimekulemea, nani alinyamaza kuliko kawaida. Taarifa iandikwe bila jina la mtu wala jina la kilima anakoishi, maana kijijini ukiandika "mjane wa watoto watatu, jirani wa kinu" umeshamtaja.