Redio ya Mjomba na Swali la Kumezana

Mmeuliza wiki hii: kama mwaka 1964 Zanzibar ndiyo ingeimeza Tanganyika, badala ya nchi mbili kuungana, leo tungekuwa wapi? Nimelisoma swali hilo ndani ya daladala ya Mbagala, na mpaka nashuka lilikuwa bado linanichoma.

Jibu la haraka: isingewezekana. Visiwa vya watu laki tatu hivi vingewezaje kutawala bara la watu karibu milioni kumi? Halafu neno kumeza lenyewe linaniuma. Kwa upande wa mama yangu, Unguja, nimelisikia tangu utotoni, na wao husema wamemezwa wao.

Nilikuwa na miaka tisa mjomba alipotuletea redio kaseti ya spika mbili. Wakati ule vitu vya namna hiyo vilipatikana Unguja kwa bei nafuu. Mimi na mama tulimpokea alipotoka kwenye meli, redio kaifunga kwa kanga, mkononi kikapu cha ukili chenye halua, mafuta yameshapenya kwenye karatasi. Getini akaambiwa alipie ushuru.

“Nnatoka Tanzania nnakwenda Tanzania,” akasema. “Ushuru wa nini?”

Afisa alikuwa kijana mpole. Akaeleza kwamba viwango vya kule na vya huku havilingani, tofauti lazima ilipwe. Mjomba akakalia boksi lake. “Basi mie nnakaa hapa hapa.” Akakaa kweli, tangu saa nne mpaka adhuhuri. Mama alimsihi, “Kaka, nakuomba, tuiache,” akawa kama hasikii. Kisha akafungua halua, akatukatia sisi, akamkatia na yule afisa. Kijana akala, akalamba kidole, akashukuru, akavuta kitabu cha risiti. Mjomba akalipa kwa pesa alizokuja nazo kununulia mabati. Njia nzima hadi Magomeni hakunena neno.

Sasa ninapoandika naona nilijibu kwa pupa. Zanzibar ilishawahi kutushika, ingawa pwani zaidi kuliko bara. Jiji hili la Dar es Salaam lilianzishwa na Sultani Majid wa Zanzibar miaka ya 1860, pembeni ya kijiji cha Mzizima. Mrima, yaani pwani ya bara inayotazamana na visiwa, ulihesabiwa kuwa wa Unguja, na mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilipokodishiwa pwani, pamoja na utawala ilipewa haki ya kukusanya ushuru. Mwaka 1890 Ujerumani ikainunua kabisa, marki milioni nne. Kumbe ile risiti ya mjomba ina babu yake, na babu huyo alikaa Unguja. Simtamani Sultani hata kidogo. Watumwa waliopita Bagamoyo wananitosha.

Ila lugha ni habari nyingine. Mwaka 1930 ilipoundwa kamati ya kusanifisha Kiswahili, Kiunguja kilikuwa kimeshachaguliwa kuwa msingi, na leo Msukuma, Mhaya na Mmakonde wanasomeshwa kwa lugha ya mjomba wangu. Hapo tumemezwa, na mimi nimeridhika.

Kwa hiyo jibu langu linageuka: ingewezekana, na pengine tusingeumia sana, mradi wangekuja na Kiunguja chao wakaacha ushuru. Najua ndugu zangu wa Ng’ambo, kule Unguja, watakasirika, watasema nawasingizia ubabe ambao hawakuupata. Wana haki. Lakini kabla sijakubali kumezwa na yeyote, ningetaka kujua nani atakaa pale getini, na redio ya mtu ataifanyaje.