Udumavu Iringa: utafiti uanzie wapi?

Ndugu, umeuliza utafiti wako wa uzamili uanzie wapi, ilhali Iringa, mkoa unaovuna mahindi kwa wingi, ndio ulioongoza Tanzania mwaka 2022 kwa udumavu, yaani watoto kuwa wafupi kuliko umri wao: takriban asilimia 57 ya watoto wake wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Nakushauri usianzie ghalani. Anza na mama: alikula nini katika saa 24 zilizopita, nani hubaki na mtoto wakati wa palizi, na uji wa mtoto, ambao mara nyingi ni mahindi matupu, huongezwa karanga, dagaa au maziwa? Mtoto asiyetimiza miaka miwili apimwe urefu akiwa amelazwa, kwani akisimamishwa kipimo hupungua kwa takriban sentimita 0.7.