Maswali na majibu: Maneno yamepanda matatu, mwenyewe kaachwa stejini

Wiki hii maswali yamefurika. Nimeyaweka kando yote ya "akaunti yangu imedukuliwa, nisaidie", maana mimi si fundi, na nimewaambia hivyo tangu mwaka jana. Haya yaliyobaki yanahusu jambo ninalolipigia kelele kila siku, kwa hiyo msishangae nikirefusha.

*"Niliandika makala kwenye blogu yangu kuhusu mgao wa maji mtaani kwetu. Ilisomwa na watu kama arobaini. Wiki mbili baadaye dada yangu wa Voi akanitumia maneno yangu yaleyale kwa WhatsApp, jina langu halimo, akaniambia: 'Soma hii, huyu mtu anajua kuandika.' Yalifikaje huko?"* Mwandishi asiye na jina, Ruiru

Pole, na hongera. Sikuyaona yakisafiri, lakini njia yenyewe naijua kama njia ya kwenda dukani.

Katika wale arobaini alikuwemo mmoja mwenye wafuasi wengi kwenye X. Huyo hakutuma linki. Alipiga skrinshoti ya aya ya tatu, kwa sababu hasira yako ilikaa hapo. Aya ya kwanza na ya pili zilikuwa za maelezo, na maelezo hayapigwi picha. Kule X aya ikasomwa na dada mmoja wa TikTok, akaiweka nyuma yake na kuisoma kwa sauti huku akitikisa kichwa. TikTok haijali sana nani anamfuata nani. Huionyesha video kwa wageni wachache, na wakiitazama hadi mwisho huwaonyesha wengine. Mtu akaipakua, akaiweka kwenye stetasi yake. Mwingine, ambaye bando lake ni la kuhesabu, akaona afadhali ayaandike yale maneno upya kwa mkono ili watu wasome bila kupakua video. Hapo ndipo jina lako lilipokufa rasmi.

Sasa Voi. Mwaka 1973 msomi wa Marekani, Mark Granovetter, alieleza kwamba habari mpya mara nyingi hutuletea watu tunaowajua juujuu tu, si marafiki wa ndani, kwa kuwa rafiki wa ndani anajua yaleyale tunayoyajua. Kwetu daraja la kuwakutanisha watu kama hao lina jina: kikundi cha kamati ya mazishi. Kila Mkenya mwenye simu yumo kwenye kikundi cha mazishi yaliyokwisha mwaka juzi, na hajatoka kwa kuogopa maneno. Mle kuna binamu wa Voi, mwajiri wa marehemu, mwalimu mstaafu, dereva wa sako na watu wa kanisa, ambao pasipo marehemu wasingekutana kamwe. Michango ikiisha, kikundi kinabaki wazi kama mlango wa nyumba iliyohamwa, na chochote kinapita. Vikundi vya harusi ni vivyo hivyo, ila hivyo watu huvitoroka mapema kabla ya kuulizwa ahadi zao.

Ulichopoteza njiani si jina tu. Linki ilidondoka kwanza, ikafuata tarehe, halafu neno "lakini". Nimeisoma makala yako: uliandika kwamba mgao ulikuwa na ratiba lakini haukufuatwa. Toleo la Voi linasema hakuna ratiba. Hayo si maneno yako tena, na siku mtu wa maji akikasirika atakuja kwako, si kwa dada wa TikTok.

Fanya hivi. Kila aya nzito itie tarehe na mahali ndani ya sentensi yenyewe, si juu ya ukurasa. Na "lakini" yako usiipeleke aya inayofuata; ikae sentensi moja na dai lake, ili anayekata lazima aikate kwa kusudi.

*"Nikipata habari kwa WhatsApp nitajuaje kama ni ya kweli?"* Wengi mno, kutoka kila mahali

Mmeniuliza tena. Jiulize: nani aliiandika, lini, na wapi ninaweza kuisoma kwake mwenyewe? Ukikosa jibu la hata moja, hiyo bado si habari, ni upepo.

Na wewe unayeandika chini yake "nimetuma kama nilivyopokea", unadhani hayo maneno ni sabuni? Mtu akikuletea maziwa yaliyochacha mlangoni, akakwambia "nimeyaleta kama yalivyokamuliwa", utamnywesha mtoto? WhatsApp yenyewe imewasaidia: ujumbe uliopita mikono mingi una mishale miwili juu yake, na tangu Aprili 2020 huwezi kuusukuma kwenye zaidi ya gumzo moja kwa mara moja. Mishale ile haisemi kwamba ujumbe ni uongo. Inasema umepita mikono mingi kabla ya kukufikia. Ndiyo maana wajanja sasa wanaunakili na kuubandika upya, mishale ikapotea, ukaonekana kama umetoka moyoni mwao.

*"Nilimtusi mtu kwenye X, nikafuta baada ya dakika kumi. Niko salama?"* Mwenye majuto, South B

Hapana. Dakika kumi ni kutoka Archives hadi Railways kwa miguu, hapo katikati ya Nairobi, na skrinshoti hukimbia kuliko miguu.

*"Kila masika narushiwa video ya mafuriko ya Nairobi, magari yakielea. Mume wangu anasema ni ya leo, mimi nahisi niliiona zamani. Tutajuaje?"* Mama wawili, Kahawa West

Mama, wewe na mimi tungepikia chungu kimoja. Acha kutazama maji, tazama vitu vilivyosimama.

Kama video inadaiwa kuwa ya Uhuru Highway au Mombasa Road upande wa mjini, tafuta nguzo za Expressway. Barabara ile ya juu ilifunguliwa kwa magari Mei 2022, na nguzo zilikuwa zikipanda tangu kazi ilipoanza miaka miwili nyuma. Ukiona anga tupu mahali penye nguzo leo, hiyo video ni ya kabla ya hapo, hata kama aliyeituma anaapa kwamba maji yanamfika magotini sasa hivi. Nimeitumia hila hii mara nyingi na imenikosanisha na shemeji wawili.

Kwa video za mwanasiasa akigawa pesa, tazama noti. Zile za elfu za zamani ziliacha kuwa halali baada ya 30 Septemba 2019. Akionekana anazigawa hizo "jana jioni", basi waliozipokea wameliwa. Sikiliza pia: redio inayolia ndani ya matatu, tangazo la duka, kocha anayetajwa kwenye mabishano ya mpira. Tena unaweza kukamata picha moja kutoka kwenye video na kuitafuta kwa Google Lens au TinEye. Mara nyingi utaikuta imewahi kutumiwa, pengine katika nchi nyingine kabisa.

Kwa nini inarudi? Kwa sababu haina tarehe. Kitu kisicho na tarehe hakizeeki. Mvua ikinyesha, mtu anaingia kwenye ghala la simu yake, anaikuta, anaona inafaa. Wengi wao hawadanganyi kwa makusudi. Wanapamba mvua tu. Ila Aprili na Mei 2024 watu walikufa kweli kwa mafuriko, Mathare na Mai Mahiu. Siku kama hizo, video ya zamani inamfanya mtu aikimbie barabara iliyo salama na kuingia katika iliyojaa.

*"Uongo unaenea kasi kuliko ukweli. Si ni hizi roboti?"* Mwanafunzi, Juja

Ni sisi. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha uchunguzi wa habari zipatazo 126,000 zilizosambaa Twitter, ambayo sasa ni X, kati ya 2006 na 2017. Za uongo zilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa, na ukweli ulichukua kama mara sita ya muda kuwafikia watu 1,500. Roboti walisukuma uongo na ukweli kwa kiasi kilekile. Tofauti ililetwa na binadamu mwenye kidole, anayependa jambo geni.

*"Nimeongezwa kwenye kikundi ambapo tunatumiwa heshtegi na maneno ya kuposti saa fulani, tunalipwa jioni kwa simu. Sina kazi. Kuna ubaya?"* Kijana, Githurai 45

Kijana wangu, swali lako ndilo la kweli kuliko yote ya wiki hii, na sitakuhubiria ukiwa na njaa. Lakini jua unachouza.

Septemba 2021 watafiti Odanga Madung na Brian Obilo, kupitia shirika la Mozilla, walitoa ripoti kuhusu biashara hiyohiyo hapa kwetu. Walifuatilia heshtegi 11, twiti zaidi ya 23,000 na akaunti zaidi ya 3,700. Waliolengwa walikuwemo majaji na wanaharakati, wakati wa mvutano wa BBI, ule mpango wa kubadilisha katiba. Waliozungumza nao walisema walilipwa kati ya dola 10 na 15 kwa kushiriki kampeni tatu kwa siku. Maelekezo yalikuja kwa WhatsApp kama yanavyokujia wewe: heshtegi hii, maneno haya, saa hii.

Kwa nini saa hii? Kwa sababu orodha ya yanayovuma hupima msukosuko wa ghafla, haipimi ukweli wala uzito. Watu mia tatu wakipiga kelele ndani ya nusu saa huonekana taifa. Halafu mtangazaji wa redio ya asubuhi, anayetafuta cha kusema saa kumi na mbili, anaiona, anasema "Wakenya mtandaoni wamekasirishwa na…" Hapo mchezo umekwisha. Yule anayekulipa hakununua posti yako. Amenunua ile sentensi ya redioni, na wewe umempa kwa nauli ya matatu.

Baada ya ripoti ile Twitter ilifunga akaunti zaidi ya mia moja. Akaunti yako ndiyo yenye jina lako na namba yako ya simu, na mwenye kikundi ana namba tu ya kulipia. Siku mtu aliyetukanwa akienda kwa wakili, atampata nani kwanza? Kama ni lazima ule leo, kula, lakini usiwahi kubandika maneno yanayomtaja mtu kwa jina.

Na nyinyi watangazaji: kabla ya kusema "Wakenya wanasema", fungueni akaunti kumi. Mkikuta sentensi ileile na kosa lilelile la tahajia, hao si Wakenya, ni mgao wa kazi.

*"Nimepiga picha wateja wakifurahia klabu yangu, nikaweka Instagram. Mmoja anataka niitoe. Si walikuwa mahali pa umma?"* Mwenye klabu, hataki mtaa utajwe

Itoe leo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 1,850,000 na Kamishna wa Data kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini. Na klabu, ndugu yangu, ni yako. Si barabara.

*"Blogu zimekufa, mbona bado unazitetea? TikTok ndiyo iliyoleta maandamano ya Juni 2024."* Gen Z, Rongai

Sijasema TikTok haifanyi kazi. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa kitabu kizito ambacho wengi wetu tusingekifungua. Vijana waliukata vipande, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakausoma wakiwa jikoni na wakiwa bafuni. Tarehe 26 Juni Rais akasema hatautia saini. Hilo lilikuwa somo la uraia ambalo hata darasani sikulipata.

Lakini nikupe upande wa pili. Pendekezo la ushuru wa mkate liliondolewa kwenye mswada 18 Juni. Kwenye kikundi cha mtaa wetu, orodha iliyopigwa picha kabla ya hapo iliendelea kuzunguka, mkate ukiwa namba moja. Nikamwambia jirani kwamba mkate umeshatoka. Akanitumia picha ileile tena, kama ushahidi. Yaliyobaki ndani ya mswada yalitosha kumkasirisha mtu, hayakuhitaji msaada wa mkate, ila picha haisahihishwi. Ukurasa wenye anwani unasahihishwa, na kila aliyeshika linki analiona sahihisho.

Ndiyo sababu nazitetea. Tarehe 30 Desemba 2007, baada ya uchaguzi, serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, watu walikimbilia SMS na blogu. Ory Okolloh, mwanablogu wa Kenya, alikuwa akipokea taarifa za ghasia kwenye blogu yake, na mwanzoni mwa Januari 2008 akaandika pale kwamba ingefaa ziwekwe kwenye ramani. Waliosoma wakaijenga ndani ya siku chache, wakaiita Ushahidi. Mwaka 2010 ilitumika Haiti baada ya tetemeko. Wazo lile lilimpata fundi wake kwa sababu lilikuwa na mwenyewe, tarehe, na mahali pa kujibu. Liweke lile wazo kwenye skrinshoti ya kikundi cha mazishi uone litamfikia nani.

*"Nakutumia skrinshoti ya habari moja hapa chini, naomba uniambie kama ni kweli."* Msomaji, Pipeline

Picha imekatwa juu na chini. Inaanzia katikati ya sentensi. Nitumie linki.