Kalsiamu ya damu iko sawa, mbona mfupa umevunjika?

SWALI: Mama yangu, mwenye umri wa miaka 67, aliteleza akajikinga kwa mkono, na mfupa ukavunjika karibu na kiganja. Baada ya picha ya eksirei tuliambiwa kwamba mifupa yake imepungua uzito, lakini kipimo cha damu kilionyesha kuwa kalsiamu ni ya kawaida. Tuamini kipi?

JIBU: Mpe mama pole. Majibu yote mawili ni sahihi, ila kila kipimo kinatazama jambo tofauti.

Mfupa ni kiungo hai. Nyuzi za protini iitwayo kolajeni huuwezesha kupinda kidogo bila kuvunjika, na madini ya kalsiamu na fosfeti huupa ugumu. Gamba lake la nje limeshikana, ilhali ndani, hasa katika pingili za uti wa mgongo, nyonga na ncha za mifupa mirefu, umejaa vitundu kama sifongo. Seli za aina moja humung'unya mfupa uliochakaa na seli nyingine hujenga mpya, hata takriban asilimia 10 ya mifupa ya mtu mzima hubadilishwa kila mwaka. Homoni ya estrojeni huzizuia seli zinazomung'unya zisipite kiasi. Hedhi inapokoma, kizuizi hicho hulegea, na sehemu yenye vitundu ndiyo hutangulia kudhoofika. Hapo ndipo mfupa wa mama yako ulipovunjika.

Asilimia 99 hivi ya kalsiamu ya mwili imo katika mifupa na meno. Kiasi kidogo kinachobaki huendesha moyo, misuli na mishipa ya fahamu, kwa hiyo mwili haukubali kipungue. Tezi nne ndogo zilizo shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi, zikihisi upungufu hutoa homoni inayoilazimu mifupa kuachia kalsiamu yake. Kwa njia hiyo damu huendelea kuwa sawa hata pale mifupa inapozidi kupungua, na ndiyo sababu majibu mazuri ya kalsiamu hayatoshi kumwambia mtu kwamba mifupa yake ni imara.

Eksirei nayo huonyesha vizuri mahali palipovunjika, lakini huchelewa kuonyesha upungufu, kwani huenda ikaonekana safi hadi takriban theluthi moja ya madini iwe imekwisha kupotea. Kipimo kinachofaa ni DXA, ambacho hupima uzito wa madini kwenye nyonga na pingili za kiuno kwa mionzi kidogo sana. Alama ya −2.5 au chini yake, ikilinganishwa na mifupa ya kijana mwenye afya, huitwa osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kupungua uzito. Jambo moja husahaulika mara nyingi: pingili iliyobonyea, au yenye vinundu vya uchakavu, inaweza kuipandisha alama ya kiuno isivyo kweli, kwa hiyo someni na ya nyonga. Mpimeni mama urefu pia. Akiwa amepungua sentimita kadhaa tangu ujana, aombewe picha ya uti wa mgongo, maana pingili nyingi huvunjika bila maumivu makubwa.

Vipimo vya damu bado vinahitajika ili kutafuta chanzo: vitamini D, homoni ya tezi hizo nne, thairoidi, figo, na protini zinazoashiria saratani ya uboho. Vitamini D ikipungua mno, mfupa huwa laini kwa kukosa madini. Kwa watoto matokeo yake ni matege. Ugonjwa huo haufanani na wa kupungua uzito, na tiba yake si ileile.

SWALI: Mwanangu wa miaka 14 ana maumivu juu ya goti moja kwa mwezi wa pili sasa, hasa usiku. Tunaambiwa ni maumivu ya kukua. Tusubiri?

JIBU: Msisubiri. Maumivu ya kukua kwa kawaida hushika miguu yote miwili, huisha kufikia asubuhi, na hayaleti uvimbe wala kuchechemea. Maumivu ya mahali pamoja yanayodumu yanahitaji eksirei wiki hii, ya mbele na ya ubavuni. Saratani ya mifupa ni nadra, lakini inapowapata vijana hupenda eneo la goti.

Akiwa na homa, apelekwe leo, kwani huenda bakteria wameingia mfupani. Watoto wenye selimundu wamo hatarini zaidi. Katika siku 10 hadi 14 za mwanzo eksirei inaweza isionyeshe kitu, ilhali MRI, kipimo cha picha kwa sumaku, huona mapema. Damu ya kuoteshea vijidudu ichukuliwe kabla ya antibiotiki, ikiwa hali yake inaruhusu.

Uvimbe wa mfupa ukionekana, msikubali ukatwe kipande cha uchunguzi popote tu. Kazi hiyo ifanywe katika hospitali ile itakayomfanyia upasuaji, kwa sababu kipande kikichukuliwa kwa njia isiyofaa kinaweza kueneza seli za saratani na kupunguza uwezekano wa kuuokoa mguu.