Maswali ya Reli: Treni ya moshi ya kushutia, nani anayo?

Sijui nani kaposti kile kipande cha video cha treni inayotoa moshi darajani, maana wiki hii nzima kila anayeniandikia amekuwa prodyuza. Haya tuanze, na wale niliowajibu mwezi uliopita wakauliza tena kilekile leo nimewaruka.

Shikamoo mjomba. Nimeandika skripti ya vita vya Tanga 1914, nahitaji treni ya mvuke siku mbili tu, nikodi wapi? (Chumbageni)

Marahaba. Kwanza hongera kwa kuikumbuka treni, maana kila anayegusa vita ile anawaza wale nyuki waliowavamia askari tu, nyuki nyuki nyuki, anasahau kwamba askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, waliletwa na reli kutoka upande wa Moshi, reli ambayo Mjerumani alianza kuijenga hapahapa Tanga 1893 ikafika Moshi 1911. Bila ile reli wale Waingereza na jeshi lao la watu kama 8,000 kutoka India wangeingia mjini kama wanakuja kunywa chai.

Sasa treni yenyewe. Hapa nchini hakuna reli ya kumbukumbu, yaani ya zamani iliyotunzwa ikaendelea kuendeshwa, yenye injini ya mvuke inayowashwa ukaenda kuikodi, usipoteze nauli kuzunguka. Nairobi kwenye makumbusho ya reli injini zipo, na moja ni namba 3020 inaitwa Nyaturu, jina la ndugu zetu wa Singida, iko kwa jirani. Ila hata wakikupa bure usiichukue kwa kazi hiyo! Ile imetengenezwa Glasgow miaka ya 1950, ukimsimamisha askari wa Mjerumani mbele yake ni sawa na kumpa simu ya tachi. Watu hawajui tu, wanaona chuma cheusi kina bomba wanasema "ya zamani". Zamani ipi?

Ushauri wangu fanya bila treni kamili. Usiku, taa ya mbele inakuja kwenye ukungu, mvuke wa mashine unafunika fremu, sauti ya breki, mlango wa behewa, buti zinashuka kwenye kokoto. Behewa moja la mbao unaweza kulijenga kwa fundi seremala mzuri wa Ngamiani, tena nusu tu, upande unaoonekana. Na usishuti mataruma, yale yanayolala chini ya reli, kwa karibu kabla hujayakagua, nimeona filamu ya "enzi za ukoloni" treni inapita juu ya mataruma ya zege mapya kabisa.

Lile daraja la Harry Potter ni kompyuta? (Muheza)

Lipo. Glenfinnan, Scotland, matao 21, zege tupu, na treni za abiria zinapita juu yake kila siku. Stesheni ya kijijini ya filamu ya kwanza nayo ipo, ni Goathland, kwenye reli ya kumbukumbu ya North Yorkshire Moors. Ile injini nyekundu ni ya 1937, iliokotwa kwenye yadi ya vyuma chakavu huko Wales ikingoja kukatwa. Rudia kusoma hiyo sentensi ya mwisho halafu shuka chini.

Kwa nini wazungu wana treni za kushutia na sisi reli tulikuwa nayo toka enzi za Mjerumani hatuna? (Korogwe)

Nilikuwa nalisubiri hili.

Wenzetu wala hawakuanza na filamu. Mvuke ulipofutwa Uingereza miaka ya 1960 na njia ndogondogo zikafungwa, wananchi wa kawaida, walimu, mafundi, wastaafu, walichanga pesa wakanunua injini na vipande vya reli wakavifufua wenyewe, Jumamosi na Jumapili, bila mshahara. Reli ya Bluebell ikaanza 1960, ya Keighley na Worth Valley ikafunguliwa upya 1968, na miaka miwili tu baadaye stesheni yao ya Oakworth iko kwenye sinema ya The Railway Children na mpaka leo watu wanakwenda kupiga picha pale. Kamera ilikuja kwa sababu ilikuta injini inawaka, fayamani anayejua kuchochea, mabehewa ya rangi ya enzi ile, na stesheni ambayo hakuna mtu aliyeibandika vigae vya bafuni.

Sisi je? Nilishapita kwenye yadi moja, sitaitaja, nikakuta magurudumu ya injini yanakatwa kwa gesi kama muhogo. Nikauliza haya ya mwaka gani, kijana akaniambia mzee hapa tunauza kwa kilo. Kwa kilo! Na matokeo yake mnayajua? Mwaka 1996 ilitoka The Ghost and the Darkness, habari ya simba waliokula wajenzi wa reli pale Tsavo 1898, pua na mdomo na hapa kwetu, na wakaenda kuishutia Afrika Kusini. Sisemi ni reli peke yake iliyowapeleka huko, kuna mambo ya pesa na vibali. Nasema tu hata wangetaka kuja tungewaonyesha nini?

Injini zimeshakwenda basi, lakini majengo ya stesheni za njia hii ya kaskazini, matangi ya maji, mihimili ya signali, hivi bado unavikuta. Ukiona mtu anakuja na msumeno uliza kibali chake.

Moshi mweusi wa kwenye muvi ni wa kweli au wanachoma tairi? (Makorora)

Wa kweli, ila wa makusudi. Fayamani anayejua kazi hatoi moshi mweusi, ukiuona ujue makaa ni mengi na hewa ni kidogo, ni hasara tupu, lakini dairekta anautaka anaomba na kulipia. Ule mweupe ndio mvuke, na unaonekana vizuri kukiwa na baridi. Saa saba mchana Tanga mwezi wa pili utakata tamaa, unapotea ukitoka tu bombani. Shuti alfajiri, mwezi wa saba, ikiwezekana sehemu za Mombo chini ya milima. Na injini iliyopoa haiwashwi kama bodaboda, moto unaanzwa usiku au alfajiri mbichi, kwa hiyo dairekta akichelewa kuamka makaa yanaungua na bili inapanda.

Tunataka kuiangusha treni korongoni kweli kweli, bajeti milioni nne, inawezekana? (Tanga mjini)

Buster Keaton, mchekeshaji wa filamu za kimya, aliwahi, 1926, injini nzima na daraja linawaka moto huko Oregon, na chuma kikalala mtoni miaka mpaka wakati wa vita kuu ya pili kikatolewa kuwa skrepa. Siku hizi hakuna mwenye akili anayevunja injini ya kweli. Ile ya Mission: Impossible iliyotumbukia kwenye machimbo ya mawe Derbyshire 2021 ilitengenezwa kwa ajili ya kutumbukia. Wewe bajeti yako ulisema milioni nne eti?

Kaka, Jumapili treni hazipiti, tunaweza kushuti video pale relini Pongwe? Dakika tano tu. (wengi)

HAPANA. Nimechoka na hili. Nani kakwambia treni ya mizigo ina Jumapili? Ikiwa na mzigo haisimami kwa kupigiwa mkono, inahitaji mita mia kadhaa, na upepo ukielekea kwake huisikii mpaka imefika. Juni 2024 kule Hidalgo, Mexico, injini maarufu ya mvuke ilikuwa kwenye ziara kutoka Kanada, watu wamejipanga pembeni na simu, dada mmoja akasogea karibu apate selfi na injini ikampiga akafa palepale mbele ya watu. Na ile ilikuwa inapiga honi. Kibali cha reli nenda TRC, cha filamu Bodi ya Filamu, droni ni kibali kingine. Ukiona vyote hivyo ni usumbufu shuti ufukweni Raskazone.

Bagamoyo stesheni ya zamani iko wapi? Nasoma sanaa hapa TaSUBa. (Bagamoyo)

Haipo mdogo wangu. Bagamoyo ni mji wa misafara ya miguu, reli ya kati ilianzia Dar. Una Kaole na Mji Mkongwe wote huo, unatafuta treni ya nini?

Nina taa ya signali ya zamani na kengele ya stesheni, prodyuza atanunua bei gani? (hakutaja alipo)

Umevitoa wapi kwanza?