Jibu: Vijana wa kidato cha tatu na watoto wa awali

Mwalimu, umeuliza pa kuwapeleka vijana wako wajifunze malezi kwa vitendo. Usiende mbali, darasa la awali la shule ya msingi jirani linatosha. Kaongee na mwalimu mkuu, peleka wanne wanne, na mwalimu wa darasa asitoke.

Sisi hapa Masasi kijana mmoja mrefu alisimama mbele akifoka "Moja! Mbili!" Watoto kimya. Alipokaa mkekani na vizibo vya soda, kabinti kakamsogelea, kakamsahihisha: "Umeruka nne." Tangu hapo hasimami.

Ila kuhesabia korosho mbichi hapana (najua zimejaa kila kona msimu huu), mafuta ya ganda lake yanaunguza ngozi. Na wavulana wasikwepe zamu ya kunawisha mikono.